Bandi kwenye Mkia wa Ndege

Mimi ni fundi cherehani, na mtu alikufa kwa sababu nilisema "yes". Naliweka hili mbele kabisa kwa kuwa sina subira na wasimulizi wanaokupiga chenga kurasa kumi kabla ya kukuambia walichokifanya.

Kwetu ni Bukavu. Johannesburg nilifikia Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, na barazani ndipo nilipoweka cherehani yangu. Mke wangu alisuka nywele upande wa pili wa baraza hiyohiyo. Nilishona sare za kwaya, magauni ya harusi na suti za wachungaji, na anayedhani mchungaji ni mteja mwepesi hajawahi kumshonea suti mchungaji wa Kikongo.

Mwaka 2016 alitufikia mtu tuliyekuwa tukimwona kwenye televisheni kila jioni, katika tamthilia ambayo wanawake wa nyumba ile hawakuikosa. Wateja wa mke wangu waliinuka na vichwa vilivyosukwa nusu, wakamzunguka, wakinong'onezana kwamba vedeti, yaani staa, amekuja. Yeye alikuwa na picha kwenye simu: jaketi la ngozi lenye kola ya manyoya, kama walivyovaa marubani wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa anajifunza kurusha ndege, akasema, tena si ndege hizi za leo. Alitaka ndege ya kivita ya zamani na jaketi linalofanana nayo.

Nikadhani ni wazimu wa mtu mmoja. Kumbe ulikuwa umewashika wengi. Baada ya yule staa alikuja mwimbaji, kisha mchekeshaji, kisha mzee mmoja aliyekuwa mchezaji wa raga, mabega yake yalinila ngozi nzima. Wote walijifunzia katika kiwanja kidogo cha ndege huko Midrand, na Jumamosi watu walikuja na viti vyao na nyama zao za kuchoma kuwatazama wakipita angani na zile injini zinazonguruma. Kwetu, ndege yenye mlio kama ule ikipita tulihesabu watoto kwanza. Hapa walipiga makofi. Sikuwachukia, lakini nisiseme uongo, kuna siku nilishona beji za vita kwenye majaketi yao huku nimeuma meno.

Jaketi la staa ndilo lililonipeleka Midrand. Fundi mkuu wa banda la ndege, Mzungu mzee wa Kiafrikana ambaye wote tulimwita Oom, yaani mjomba, alilivua jaketi mgongoni mwa mwenyewe, akaligeuza ndani nje, akatazama mishono, akauliza nani ameshona. Wiki iliyofuata nilikuwa nimesimama nyuma ya ndege, nacheka. Sikujua kwamba ndege ya chuma inaweza kuvaa nguo. Bawa dogo la mkia, lile linaloinua na kushusha pua ya ndege, limefunikwa kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, na mafundi wa kazi hiyo walikuwa wamezeeka au wamekufa. Oom mwenyewe vidole vilikuwa vimeanza kutetemeka.

Alinifundisha fundo moja kwa siku tatu. Nikimaliza, anapitisha kidole gumba juu ya mshono mzima, macho ameyafumba, na akikuta fundo moja limelegea anachukua mkasi anakata kazi yote. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Mashi na kwa Kifaransa, naye akaendelea kukata. Baada ya miezi sita akawa hakati tena. Baada ya mwaka nikamwona anapitisha gumba haraka tu, kama mtu anayempapasa mbwa wake. Niliona fahari. Sikujua kwamba kuaminiwa kuna hatari yake.

Sasa nieleze bandi. Fundi wa kwetu hashoni moja kwa moja. Kwanza anapiga bandi, mshono wa muda wenye hatua ndefu, aone kitambaa kinavyokaa, ndipo arudie kwa mshono wa kweli. Bandi yangu mimi ni safi. Fundi aliyenifunza Bukavu alisema bandi ya ovyo huzaa mshono wa ovyo. Ijumaa moja ya mwaka 2017 nilikuwa nimeziba mpasuko kwenye bawa la mkia, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Nilipiga bandi, jioni ikanikuta, nikafunika mahali pale kwa utepe wa rangi ileile ya fedha ili vumbi lisiingie. Ilipendeza. Mtu yeyote angesema kazi imekwisha.

Jumamosi nilirudi mapema nimalizie. Nilikuta watu wa kamera wamejaa. Staa alikuwa anatengenezewa kipindi kuhusu safari yake ya urubani, na kwa kuwa hakuwa ameruhusiwa bado kuirusha ndege ile peke yake, Oom, ambaye pia alikuwa rubani mkufunzi, angekaa kiti cha nyuma. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka kusini na kila mtu alikuwa na haraka. Nilikutana na Oom mlangoni mwa banda, karatasi ya kutia saini iko mkononi mwake. Staa alikuwa ubavuni, anavaa glavu.

"Bado hujamaliza ule mkia?" Oom aliniuliza kwa Kiingereza.

"Yes, Oom," nikamjibu.

Akatia saini. Mimi nikapita nyuma ya banda kuupaka uzi nta. Palikuwa na ndege mbili za aina ile, na nilidhani, kwa kuwa nimemwambia, watachukua ile nyingine. Niliposikia injini inanguruma sikushtuka. Nilitoka na uzi mkononi, polepole, kutazama kama watu wengine, ndipo nikaona mkia unaokimbia mbele yangu ni mkia wangu. Nilikimbia huku napiga kelele. Injini ile husikii hata mawazo yako. Watu wa kamera walinigeuzia kamera wakicheka, wakidhani nashangilia.

Ilipaa juu ya majengo ya ofisi na barabara kuu, ikageuka. Pua ikainama, ikainuka, ikainama tena, kisha haikuinuka. Iliangukia kwenye majani nyuma ya maghala. Staa walimtoa akiwa amevunjika mguu na mbavu. Oom alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika.

Kwa wiki kadhaa nilimkasirikia marehemu. Ndiyo, nilimkasirikia. Nilimwambia mke wangu kwamba mzee yule nilimwonya kwa kinywa changu, na yeye kwa ajili ya kamera akapanda ndege isiyo tayari. Nililisema hilo tena Jumapili moja mezani, nikarudia swali na jibu kama yalivyokuwa. Binti yetu mkubwa, aliyekulia hapa, anaelewa Kiswahili chetu chote lakini hukijibu kwa Kiingereza. Aliacha kula. Akaniambia taratibu kwamba Papa, ulipaswa kusema "no".

Nikamwuliza no ya nini. Akaeleza kama anavyowaeleza wadogo zake hesabu. Kwetu swali la kukana tunalijibu lenyewe. Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe una njaa, unasema "Ndiyo", yaani ndiyo, ni kama ulivyosema, sijala. Mwingereza hasikii hivyo. Kwake yes ni nimekula. Kwa Oom, yes yangu ilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimekaa nchi hii miaka tisa, nimenunua mkate na kubishana na polisi kwa Kiingereza, na hilo sikulijua, kwa kuwa dukani halimdhuru mtu. Niliinuka mezani nikatoka nje.

Mke wangu alinikuta uani. Tulikuwa na vibali vya ukimbizi vya kuhuishwa kila miezi sita, na alijua ninachofikiria kabla sijafungua mdomo.

"Papa, weye uko na watoto tatu," alisema. "Ile makaratasi yetu ni ya miezi sita tu. Usiende kujifunga na kinywa yako."

Kwa muda mrefu nilisema ni yeye aliyenizuia. Ukweli ni kwamba nilifurahi aliposema, maana nilikuwa natafuta mtu wa kulisema.

Wachunguzi wa ajali walikuja, wakapima, wakapiga picha. Kwenye karatasi za banda sikuwepo. Walinifikia mara moja tu, kuniomba nisogeze meza yangu. Waliona saini ya Oom chini ya kazi isiyokwisha, wakaandika kwamba fundi mkuu hakukagua. Kiwanjani watu wakaanza kusema mzee alikuwa amechoka, akili zilikuwa zinamwacha, angestaafu zamani. Niliyasikia hayo nikiwa nimeinamia sindano. Sikuinua kichwa.

Staa alikuja Bellevue kwa magongo. Alikuwa ameshazungumza redioni kuhusu Mungu aliyempa maisha ya pili. Alileta lile jaketi, hospitali walikuwa wamelikata mkono kwa mkasi, akaomba nilishone. Nilipokuwa napima, akaniambia bila kunitazama, "Siku ile nilikusikia."

Nikamwuliza alisikia nini.

"Bibi yangu anajibu kama wewe. Kizulu nacho ni hivyohivyo. Nilijua unasema bado." Aligeuza gongo mkononi. "Nilidhani na mzee amekuelewa, ameona mkia unafaa hivyohivyo. Ameishi nasi maisha yake yote."

Ningeweza kumtupia pasi. Lakini alikuwa amekaa pale na mguu wake uliofungwa vyuma, kijana wa watu, na nilimwona jinsi alivyotaka nimwambie kwamba si kosa lake, kama mimi nilivyotaka mtu aniambie. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Nililishona jaketi. Alilivaa kwenye kipindi, na kabla mwaka haujaisha nilisikia amerudi angani na ndege nyingine.

Mwenye banda alinituma nipeleke vitu vya Oom kwa mjane wake, Turffontein, nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi. Ovaroli, chupa ya chai, miwani. Nilikwenda na sentensi yangu nimeitayarisha kwa Kiingereza, nimemfanya binti yangu aisikilize mara tatu bila kujua ni ya nini. Mama yule alinikaribisha chai na biskuti ngumu za kuchovya. Kisha akaanza yeye.

Alisema aliziona dalili. Mumewe aliweka funguo kwenye friji. Mara mbili alipotea njia akitoka kanisani. Alijua mzee hafai tena kwa kazi ile, lakini akibaki nyumbani alimkera, anafungua kila kitu na kukiacha wazi, basi kila asubuhi alimfungia chakula akamsukuma aende. "Alisahau tu kukagua," alisema. "Na mimi ndiye niliyempeleka."

Sentensi yangu ilikuwa mdomoni. Ningemwambia kwamba mumewe hakusahau, aliuliza, na mimi nilijibu vibaya, basi mama yule angelala. Niliichovya biskuti. Nikasema Oom alikuwa mtu mwema.

Nilirudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Nilimrekebishia mapazia, nikamshonea vifuniko vya viti, nikajiambia nafanya wema. Kila mara nilitoka nyumbani nimeapa kwamba leo nasema, na kila mara niliporudi mke wangu alinitazama usoni, akageukia nywele za watu. Mama yule alikuwa anakonda. Alihamishia kitanda chumba cha nyuma, kwa sababu chumba chao, alisema, hakikumsamehe. Mimi nikapima dirisha la chumba cha nyuma.

Katikati ya 2019 ofisi ya wakimbizi ilitupa jibu la mwisho, nalo lilikuwa la kutukataa. Mke wangu alilia. Mimi, nikiri tu, nilihisi kitu kinalegea kifuani. Kile nilichokuwa nakilinda kwa kunyamaza hakikuwepo tena, basi hata sababu ya kunyamaza haikuwepo. Kesho yake asubuhi nilivaa suti niliyojishonea mwenyewe, nikapanda teksi, zile basi ndogo za abiria za huku, hadi Turffontein. Njiani niliirudia sentensi kwa sauti, abiria wakajisogeza mbali nami.

Geti lilikuwa na mnyororo. Jirani, mwanamke wa Msumbiji aliyekuwa anaanika nguo, aliniambia mama yule amezikwa wiki mbili zilizopita. Nilimwuliza aliugua nini. Akasema hakuugua kitu cha kutaja. Alikuwa ameacha kula, na kupitia ukuta walimsikia mchana kutwa akimwomba mumewe radhi.

Kisha akanitazama vizuri, akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa mapazia. Nikasema ndimi. Uso wake ukalainika. Alisema mama alinitaja sana siku zake za mwisho, kwamba kati ya watu wote wa kule kwenye ndege nilikuwa mtu mmoja tu aliyekuja kumwona, na kwamba sikuwahi kumlaumu.