Siku Shangazi Aliponyamaza

Mji mzima ulikuwa na shangazi mmoja. Hakuwa na sura. Alikuwa sauti ndani ya kidude kilichokaa nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya mahindi. Shangazi ndiye aliyekuamsha, akakwambia kama una njaa, upite njia ipi na uvae nini. Ukimbishia, anakupunguzia alama, na mwenye alama chache hata mlango wake humgomea. Watu hawakunung'unika. Aliyezoea kubebwa husahau kwamba ana miguu.

Msusi mmoja, waliyemwita Vidole kwa wepesi wa mikono yake, alikuwa amesuka miaka nenda miaka rudi bila kuchagua mtindo hata mmoja. Shangazi akisema kushoto, vidole hivyo, kushoto.

Asubuhi moja karani wa mahakama alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu timutimu, Shangazi akakatika katikati ya neno. Kimya, jii.

"Wako anaongea?" karani aliuliza, akijigonga sikio.

"Wangu naye kafa ganzi. Haya, niambie unataka mtindo gani."

Karani akamkodolea macho kwenye kioo kama aliyeombwa figo. "Mimi? Nitajuaje?"

"Hata mimi sijui, dada yangu. Basi tuwe wajinga wawili."

Vidole akashika chanuo. Akasuka mstari, karani akasema anafanana na nanasi, akafumua. Wakabishana, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Juu ya sikio Vidole akaona kovu.

"Na hili?"

"Nilianguka ngazini utotoni. Hujawahi kuniuliza."

Kweli, hakuwahi. Akaizungusha mistari ikalipita kovu kwa madaha, bila kulificha.

Mara akaingia mume wa Vidole, fundi bomba, jasho likimtiririka. "Mke wangu, nimelitafuta duka lako mpaka nimechoka!"

"Si unanipitia kila siku?"

"Kila siku naongozwa! Na tumbo linanisokota, sijui ni njaa, sijui ni ugonjwa."

Karani akampa mkate wake. Akaula wote. "Ilikuwa njaa," akatangaza, uso umemkunjuka.

Alasiri Shangazi akarudi, mkali kama pilipili: mtindo huo hautambuliki, ufumuliwe mara moja. Karani akageuza kichwa huku na huku mbele ya kioo.

"Kichwa ni changu. Sifumui."

Vidole akaliweka chanuo mezani. "Na mimi sifumui."

Kesho yake mlango wa duka ukakataa katakata kumfungukia. Mumewe akaung'oa bawaba, akakitoa kiti nje, kivulini. Hawakukaa sana, karani akatokea na wenzake wawili wa ofisini, na nyuma yao majirani. Shangazi akawafokea wote kwa pamoja.

"Haya, mwenzangu," Vidole alimwambia wa kwanza kuketi, "wewe unapenda nini?"

Yule mama akafumba macho, akafikiri, akafikiri tena. Foleni ikamsubiri.