Mlio Chini ya Siti

Kazini walimwita Mvuke. Alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, chumba kirefu chenye mashine upande mmoja na meza za pasi upande wa pili, na zamu ilipokwisha alitoka mlangoni akifuka kama sufuria iliyofunuliwa. Lakini wenzake walisema jina halikutokana na joto la mle ndani. Lilitokana na ulimi wake. Mvuke hakuwa mtu wa kumeza neno.

Aliyemtia kwenye mambo ya baiskeli za milimani ni shemeji yake, mume wa mdogo wake. Huyo alikuwa na kibanda cha kunyoa karibu na stendi, na kila mtu, hata mkewe akiwa amekasirika, alimwita Kinyozi. Alikuwa mcheshi, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Alimwona Mvuke akienda kazini kwa baiskeli kila asubuhi, akamwambia, "Shemeji, miguu hiyo unaipoteza kwenye lami. Njoo Jumapili nikuonyeshe kazi yake."

Wakaanza kwenda pamoja kwenye msitu wa misonobari, juu ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Vijia vilikuwa vingi humo, vyenye mizizi na kokoto, na kimoja kilipita kwenye ufa mwembamba baina ya miamba miwili. Waendeshaji walikiita Koo. Ukishaingia hugeuki wala husimami mpaka kikuteme chini, kwenye kiwanja cha machimbo. Mvuke alikuwa hajawahi kuingia. Alikuwa na baiskeli ngumu isiyo na springi hata moja, na kila jiwe aliloligonga lilipanda mpaka kwenye magego. Jumatatu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, pasi inamponyoka, na msimamizi wa zamu anamtazama kwa jicho la pembeni.

Ndipo akaamua kutafuta baiskeli yenye shokomzoba mbili za kumeza mishtuko, ya mbele kwenye uma na ya nyuma chini ya siti. Alikwenda kwenye duka la baiskeli la mjini, na mwenye duka, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akampandisha juu ya tatu tofauti huku amezishika asianguke.

"Hii springi zake zinazama sana," alimwambia. "Ni ya watu wanaoruka kutoka juu ya miamba. Utachoka kuipandisha mlima kabla hujaanza kuifurahia. Wewe chukua hii isiyozama sana. Si nzuri ya kutazama, lakini itakupeleka na kukurudisha."

Ilikuwa ya kijivu, rangi ya maji ya kufulia. Mvuke aliitazama, na moyo wake haukusema kitu. Akamwambia mzee atafikiria.

Siku chache baadaye Kinyozi alikuja mbio nyumbani kwake na habari. Mteja mmoja aliyekuwa akinyolewa amesema kuna mtu anauza baiskeli ya aina ile, kama mpya, huko mwisho wa mtaa wa viwanda. "Twende sasa hivi kabla hawajatuwahi," alisema, na kabla Mvuke hajavaa viatu vizuri, yeye alikuwa ameshafika barabarani.

Nyumba yenyewe ilikuwa na geti la chuma na ua uliomwagiwa saruji. Harufu ya rangi mbichi iliwapokea kabla ya mwenyeji. Aliyewafungulia alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, sauti ya chini, mikono safi mno kwa mtu wa ua kama ule. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, juani. Kijani kibichi, inang'aa kama jani lililonyeshewa.

"Ni ya mdogo wangu," alisema. "Amesafiri, harudi leo wala kesho. Inakaa tu."

Mvuke aliizunguka. Kitu cha kwanza kilichomsumbua ni kwamba kila alipozunguka upande wa nyuma, yule mtu naye alizunguka, akasimama palepale karibu na shokomzoba ya nyuma, mkono ameuweka juu ya fremu kama mtu anayemtuliza mnyama. Cha pili, ncha moja ya usukani ilikuwa imekwaruzwa mpaka chuma kikaonekana, na siti imeshonwa pembeni kwa uzi mpya.

"Huyo mdogo wako alianguka nayo?"

"Ah, nani haanguki?" Akatabasamu kwa midomo tu.

Alipoipanda, Mvuke alisahau yote. Aliizungusha uani, akapanda ngazi mbili za mlango na kuzishuka, na ile baiskeli ikambeba kama godoro. Hakuna kilichogonga. Alijikuta anacheka peke yake kwa sauti. Kisha akarudia kushuka zile ngazi, na chini ya siti akasikia: tik. Mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti kwenye chumba cha jirani.

Akashuka. "Nini hicho?"

"Siti hiyo. Bado haijakazwa vizuri."

"Basi niipeleke kwa mwenye duka la mjini aiangalie. Akisema ni nzima, naichukua leo hii."

Yule mtu hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alimtazama tu, kwa utulivu, kisha akaishika baiskeli na kuirudisha ukutani. "Haitoki hapa bila kununuliwa, mama. Kuna wengine wanaisubiri."

Mvuke hakujua kilichomtisha ni kitu gani. Mlio ule ungeweza kuwa wa siti kweli. Lakini alijiona anataka kutoka kwenye ua ule upesi. Njiani alimwambia shemeji yake, "Ile baiskeli si nzima. Na yule mtu anajua."

Kinyozi alikuwa akigeuka nyuma kutazama geti.

Kesho yake jioni Mvuke alipita kwa mdogo wake, akaikuta ile ya kijani imesimama sebuleni, mbele ya kabati la vyombo.

"Usiniangalie hivyo," Kinyozi alisema. "Wewe si uliikataa?"

"Sikuikataa kwa sababu haikunipendeza. Niliikataa kwa sababu inalia. Shemeji, irudishe."

"Inalia! Kwani mtoto?" Akacheka, na mkewe akacheka naye. "Sema ukweli tu, shemeji. Inakuuma kwamba nimekuwahi."

Mvuke alimgeukia mdogo wake. "Na wewe umenyamaza? Mumeo atavunjika."

"Dada," mdogo wake alisema taratibu, "tangu utoto, kitu usichokuwa nacho wewe huwa na kasoro." Halafu akainuka, akaenda kuandaa chai ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba.

Maneno yale yalimwingia Mvuke mpaka kwenye mfupa, kwa sababu kulikuwa na chembe ya kweli ndani yake. Aliitamani ile baiskeli. Hata pale sebuleni, na hofu yake yote, mkono ulitaka kuigusa. Basi kwa mara ya kwanza maishani mwake alimeza neno. Aliondoka, na Jumapili wakaenda msituni kama kawaida, yeye nyuma na baiskeli yake ngumu, Kinyozi mbele akiruka mizizi kama swala.

Tik. Kila aliposhuka bonde. Tik. Mvuke aliusikia hata kupitia mngurumo wa matairi juu ya kokoto. Alijaribu kusema tena mara moja, walipopumzika, na Kinyozi akaziba masikio kwa vidole akaanza kuimba.

Jumapili zikapita. Kinyozi akaanza kuingia Koo, kisha akawa anaingia kwa mwendo, kisha akawa anapiga mluzi humo ndani. Mvuke alizunguka kwa kijia cha kando na kumkuta chini, na kila mara, katika zile dakika ambazo hakumwona, alitega sikio. Alipomwona amesimama pale machimboni anafuta jasho, alijisikia mjinga, na kidogo, jambo ambalo asingemwambia mtu, alijisikia kama aliyeaibishwa.

Halafu siku moja mlio ukakoma.

Kinyozi alishangilia. "Si unaona? Nimeitia grisi kila mahali. Hata wewe sasa huna la kusema."

Waliendesha asubuhi nzima bila kusikia kitu, na ule ukimya ulimtisha Mvuke kuliko mlio wenyewe. Ulikuwa kama mgonjwa wa wodini ambaye amelalamika wiki nzima, halafu asubuhi moja ananyamaza, na wauguzi wanaanza kutembea haraka. Ndege hawakulia msituni siku ile, au labda yeye hakuwasikia. Walipofika juu ya Koo alishuka, akailaza baiskeli yake kukata njia, akasimama mbele yake.

"Leo hupiti."

"Shemeji, toa hiyo baiskeli."

"Sitoi. Ipindue, tuitazame chini kwa pamoja. Ikiwa nzima nitakuomba msamaha mbele ya mkeo."

Uso wa Kinyozi ulibadilika. Mzaha wote ulimtoka, na Mvuke akaona kitu ambacho hakukitarajia: naye alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa tangu zamani. Hakutaka kuipindua kwa sababu hakutaka kuona.

"Umenichosha," alisema kwa sauti ndogo. Akarudi nyuma hatua chache, akapanda, akalizunguka gurudumu la Mvuke kwa kupita juu ya majani, akaingia.

Hapakuwa na mluzi. Mvuke alisikia matairi, kisha jiwe, kisha sauti moja nene, fupi, kama mlango uliopigwa na upepo. Baada ya hapo hakusikia kitu.

Hakukumbuka alivyoshuka. Aliteremka ndani ya Koo kwa miguu, mgongo ukikwaruzwa na mwamba, akaita na hakuitikiwa. Alimkuta katikati, amekaa, ameegemea jiwe kama mtu anayesubiri zamu yake kunyolewa. Helmeti ilikuwa imepasuka. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Fremu ilikuwa vipande viwili. Chuma kilikatika pale pale chini ya siti, na chini ya rangi ya kijani palionekana ufa wa zamani wenye kutu, uliojazwa gundi na kupakwa vizuri.

"Usimwambie mke wangu," Kinyozi alisema. Kisha akazimia.

Waendeshaji wengine waliosikia kelele ndio waliosaidia kumtoa. Mvuke alimsindikiza hospitalini kwa mlango wa mbele, mlango ambao hakuwahi kuutumia, na mashuka waliyomlazia aliyapiga pasi yeye mwenyewe wiki ile. Madaktari waliunganisha mfupa wa mkono kwa vyuma. Walisema mkono utapona, lakini vidole viwili huenda visirudi kama zamani. Kinyozi aligeukia ukuta. Kibanda kikafungwa.

Mdogo wake Mvuke alikuja, akamkuta dada yake kwenye benchi la korido. Hawakuangaliana. "Ungenivuta nywele," mdogo wake alisema. "Siku ile ulipoondoka. Ungerudi ukanivuta nywele." Mvuke alimwekea mkono begani, na hakuuondoa mpaka wakaitwa.

Zamu yake ilipomruhusu, alivichukua vile vipande akaenda navyo kwenye nyumba yenye geti la chuma. Yule mtu alifungua, akavitazama, akavigeuza kwa mikono yake safi. Hakuuliza aliyekuwa juu yake ni mzima au mfu.

"Mna risiti?" alisema.

Nyuma yake, kwenye waya wa kuanikia nguo, ilining'inia fremu nyingine ikikauka. Ya bluu.

Mvuke alifungua mdomo. Kwa mara ya pili maneno hayakuja, lakini safari hii hakuyahitaji. Alimpokonya vipande, akavipeleka moja kwa moja kwa mwenye duka la mjini, na yule mzee, baada ya kuutazama ule ufa muda mrefu, akavitundika mlangoni pake, usawa wa macho, kila anayeingia avione na kuuliza. Waliouliza waliambiwa nyumba ni ipi. Haikupita muda geti lile likawa na kufuli nje, na majirani hawakujua mtu wao amehamia wapi. Hilo halikumpa Mvuke usingizi mzuri. Mtu akihama, na kazi yake huhama naye.

Yeye alinunua ile ya kijivu. Kabla ya kuichukua aliipindua mwenyewe pale dukani, akaipapasa kila kiungo, na mzee akamshikia taa bila kumharakisha. Aliiendesha peke yake kwa miezi mingi, na vidole havikufa ganzi tena.

Kinyozi alifungua tena kibanda, akinyoa kwa mkono wa kushoto, polepole, wateja wachache na wenye subira. Siku moja Mvuke alipita kumsalimia nyumbani, akamkuta mlangoni anajaza pumzi matairi ya baiskeli aliyoazima, vidole viwili vimesimama vigumu juu ya pampu. Hakutania. Alisema tu kwamba anarudi msituni Jumapili, na kwamba atashuka Koo, maana asiposhuka ataliota mpaka kufa.

Mvuke alimtazama mdogo wake aliyekuwa kizingitini.

"Nimeshasema mpaka sauti imenikauka," mdogo wake alisema. "Nenda naye, dada."

Jumapili wakaipindua ile baiskeli pamoja, wakaikagua kila mahali, wasione kitu. Kisha wakapanda mlima, Kinyozi mbele, Mvuke nyuma yake, akisikiliza.