Gome la Mkorosho Mzee

Shule sikuiona, lakini miti naijua, na juzi niliapa kushinda. Mwalimu wa chekechea hapa Masoko huwafunga watoto macho, wakapapasa na kunusa vitu vya porini vilivyotandazwa chini, nasi bibi zao tunaalikwa. Mkwe wangu, bibi wa mjukuu wangu Mwanahawa upande wa baba, alipatia vyote, akaketi kunyoosha miguu.

"Bibi, usiniaibishe," Mwanahawa akaninong'oneza.

Nikafungwa kanga machoni. Ukwaju nikapatia, mwarobaini nikapatia. Nikatambaa mbele, nikashika kitu kigumu chenye nyufa. Nikakinusa vizuri, nikatangaza, "Gome la mkorosho mzee. Mti umeshaoza huu, ukatwe kuni."



"Mkwe," sauti ikasema taratibu, "niachie kisigino changu."