Mahfoudh, Mfunga Duka wa Azaiba

Shemeji yangu Mahfoudh bin Thabit alikuwa akilipwa kwa kukaa. Msicheke, ndivyo kazi yake ilivyokuwa. Kwenye karatasi za kampuni ya mafuta pale Azaiba, pwani ya Maskati, aliandikwa karani wa stoo, lakini walimchukua kwa mkono wake wa kulia. Kila Ijumaa baada ya alasiri timu ya kampuni ilicheza kriketi, na yeye alikaa juu ya pipa tupu nje ya mstari, upande wa baharini, akingoja. Warushaji wengine wakishachoka, wapigaji wa upande wa pili wamebakia wawili na watu roho juu, ndipo anaitwa. Anarusha mipira kumi, kumi na miwili, anawatoa, watu wanakunja jamvi la makumbi la kuchezea wanakwenda zao.

Hayo hakufundishwa na kampuni. Aliyemfundisha ni kaka yake, Suud, mume wangu. Unguja, Suud ndiye aliyekuwa kepteni wa timu yao, na alikuwa akimweka mdogo wake nje mpaka mwisho kabisa. Kisha anapaza sauti, uwanja mzima unasikia: "Mahfoudh! Njoo ufunge duka!" Watu wakicheka, maana walikuwa wakijua mchezo umekwisha.

Januari ya sitini na nne Suud alitoka kwenda kumtazama shangazi yake shamba. "Nakwenda mara moja, Hind," aliniambia, hata kofia hakuvaa. Hakurudi. Maiti hatukuiona, kaburi hatukuonyeshwa, na mtu wa kusema nilimwona mahali fulani hakupatikana. Mwaka haujesha tukafika Maskati watu watatu: mie, Mahfoudh, na mama mkwe wangu Bi Masouda. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nikiulizwa kama nna mume nilikuwa nnanyamaza.

Haya, sasa hiyo sauti. Ilianza mwaka wa sitini na sita. Mchezo ulikuwa umebana, Mahfoudh yuko juu ya pipa, uso uwanjani, mgongo baharini. Akasikia nyuma yake: "Mahfoudh! Njoo ufunge duka!" Akaitika "Naam!", akaruka, akaingia uwanjani huku anakunja mikono ya shati.

Kepteni wa hapo alikuwa Aflah, mtu wa kwetu vilevile, mzaliwa wa Pemba. Akamkodolea macho. "Yakhe, nani kakuita? Ndo kwanza nafungua mdomo!"

Mahfoudh akageuka. Nyuma ya pipa ni mchanga mtupu mpaka kwenye maji. Hakuna mtu, hakuna nyayo isipokuwa zake. Akarusha, vijiti vikaanguka, wakashinda. Aliporudi nyumbani kunihadithia, alimimina kahawa mpaka ikafurika ikamwagikia kanzu.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi: kepteni hajaita, yeye keshaitwa. Aliingia wakati barabara kabisa, si mapema, si kuchelewa, na karibu kila mara alishinda. Sifa zake zikafika mpaka kwa mabaharia wa meli za mafuta. Wafanyabiashara wa Matrah, waliokuwa na timu yao, wakasema bwana yule ana jini lake, wakawa hawampi mkono.

Siku moja nikamwuliza kama kweli ni Suud.

"Ni yeye, shemeji. Lakini anazeeka."

"Anazeeka vipi?"

"Sauti yake. Mwaka juzi ilikuwa ileile ya Unguja. Sasa imekuwa nzito, na kifua kinambana. Anavuta pumzi katikati ya maneno."

Lahaula! Mzimu gani huo unaozeeka?

Bi Masouda hakuogopa hata kidogo, yeye alifurahi. Kwetu mtoto hufundishwa tangu hajaota meno ya pili: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Ngoja mpaka mara ya tatu. Kitu kisichokuwa mtu hakiwezi kuita mara tatu. Kitaita mara moja, kitajaribu na ya pili, ukiitika kimekupata, usipoitika kinakwenda zake. Anayefika tatu ni binadamu. "Basi usimwitike, mwanangu," akimwambia Mahfoudh. "Mwache aite. Akifika tatu, mwanangu yu hai." Yu hai wapi, na sauti yake inafikaje Azaiba, hilo hakutaka kuulizwa.

Kila Ijumaa Mahfoudh akiahidi, na kila Ijumaa akiitika palepale. Akishaitika, sauti imekatika, mpaka wiki nyingine. "Mdomo unajibu wenyewe," akijitetea. Na kweli, mtu ambaye mkate wake ni kuitwa akaenda, utamwambiaje anyamaze? Lakini nilimkasirikia, wallahi, nilimkasirikia miaka! "Mwanamme mzima na ndevu zako, unashindwa kubana meno?" Nilikuwa namsema mpaka mbele ya wageni.

Hasira zangu zilikuwa na sababu. Mwaka wa sitini na tisa nilichumbiwa. Marhoon, fundi wa mashine za maji, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, anacheka kwa macho. Akamtuma dada yake. Nilimtaka, sioni haya kusema. Kadhi alisema miaka minne imeshapita, jamaa wakikubali kuwa Suud amekufa, nikae eda, kisha niolewe. Bi Masouda akakataa katakata. "Mwanangu anaita kila Ijumaa, mie nikamzike?" Miezi nikambembeleza, dada yake Marhoon anangoja jibu, mpaka akaahidi kwamba sauti isipofika tatu hatanizuia.

Nikamshika Mahfoudh ukumbini, nikamziba njia. "Shemeji, nnaoza humu ndani. Asipofika tatu, Suud keshakufa, nakaa eda na mama yako ameahidi hatazuia. Akifika tatu, mie bado mke wake, namngoja mpaka nife. Lolote litakalokuwa, nalitaka lijulikane."

"Nisipoitika Aflah atanitoa," akasema. Nikamwambia najua. Tukaagana kwamba Ijumaa ijayo hataitika kitu, si sauti wala Aflah. Kila akiitwa atainua kidole, nami nitakuwepo nitazame.

Basi nikenda. Mke wa Aflah, Sayyida, alinichukua kwenye gari la kampuni, tukakaa ndani pembeni ya uwanja, tumejifunika, vioo tumeteremsha. Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa sabini. Joto limelalia mchanga, upepo hakuna, hata bahari haisikiki. Timu ya Matrah walibakiwa na wapigaji wawili, na mikimbio sita tu ya kushinda.

Nikamwona Mahfoudh anainua kichwa. Mbwa wa kambi aliyelala kivulini mwa pipa akasimama, akatazama upande wa maji, akaondoka taratibu bila ya kubweka. Mahfoudh akajiziba mdomo kwa mkono wa kushoto. Akainua kidole kimoja.

Nikangoja. Haikuja nyingine. Nikasema moyoni, khalas, ndiyo basi, Suud amekwenda, mimi mjane. Na nilipata nafuu, Mungu anisamehe, nilimwona Marhoon machoni mwangu palepale.

Kidole cha pili kikasimama.

Sayyida alikuwa akinieleza habari ya kitambaa alicholetewa kutoka Bombei, simsikii. Uwanjani Aflah naye ameanza kuita, anapunga mikono yote miwili, Mahfoudh hata hamtazami. Vidole viwili juu, mkono wa kushoto bado mdomoni. Nilishika mlango wa gari mpaka kucha zikaniuma. Inua cha tatu, nikasema. Inua, au shusha mkono nijue.

Ndipo nikasikia nyuma ya sikio langu, karibu mpaka pumzi ikanigusa shingoni: "Hind!" Sauti nzito ya mtu mwenye kifua kinachobana.

"Abee!" nikaitika.

Imenitoka hata sijajua. Abee, kama nilivyomwitikia miaka mitatu ya ndoa, nikiwa jikoni, nikiwa juu darini naanika nguo. Nikageuka upesi. Nyuma ya gari hakukuwa na mtu.

"Unamwitikia nani?" Sayyida akaniuliza, na uso umembadilika.

Mahfoudh alikuwa amegeuka pale juu ya pipa, ananitazama. Vidole vyake bado viwili. Akangoja kidogo, kisha akavishusha.

Matrah wakashinda. Aflah akamfokea mbele ya watu wote, na Ijumaa iliyofuata juu ya pipa alikaa mtu mwingine. Hivyo ndivyo ilivyokwisha kazi ya Mahfoudh ya kurusha mpira. Kampuni haikumfukuza, akawa karani kwelikweli, anapanga misumari na kamba. Sauti hakuisikia tena, na mie pia sikuisikia.

Tuliporudi Bi Masouda alikuwa amesimama mlangoni. "Mara ngapi?" akauliza.

Mahfoudh akaniachia mie nijibu. Ningeweza kusema mbili, nayo ni kweli, kwake yeye Mahfoudh zilikuwa mbili. Kidole cha tatu hakikuinuliwa, na ahadi ni ahadi. Lakini nilikuwa nimemtukana mtu miaka minne kwa kuitika, na mie sikungoja hata mara ya pili.

"Mama, ameniita mie," nikasema. "Na mie nimeitika."

Bi Masouda akanisogelea. Akanishika mkono, akaniingiza ndani.

Asubuhi yake dada yake Marhoon akaja kuchukua jibu, amevaa vizuri, amejitia udi. Nikamtengea kahawa, nikamwambia amshukuru sana kaka yake, kwamba sijapata kuona mtu muungwana kama yeye, na atafute mwanamke mwingine.

"Kwa nini tena, mwanangu? Kuna nini?"

"Nna mume," nikamwambia.