Kuku wa Ndege ya Jumamosi

Wifi yangu Milembe nilimchukia miaka miwili ya kwanza. Nasema wazi, maana mwenyewe anajua na huwa ananicheka. Kaka yangu Constantine alipomleta kwetu Nkololo, nilimtazama ile mikono yake isiyotulia nikawaambia wenzangu, huyu hatamaliza msimu mmoja wa palizi. Kumbe! Palizi alimaliza, na jioni akatuuzia maandazi sisi tuliopalilia naye.

Basi miaka ile ya ruksa ikaja, biashara ikaachiwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao, ushirika wa pamba ukayumba, na kaka yangu, karani pale Bariadi, akapewa barua ya kupunguzwa kazi. Mwanaume mzima akakaa uani miezi mitatu akiangalia geti kana kwamba kazi itabisha hodi. Mimi nilikuwa nakaa kwao wakati huo, najifunza kushona, kwa hiyo sikusimuliwa. Milembe hakuangalia geti. Alinunua friji kubwa la mafuta ya taa, la mkono wa pili, kutoka kwa mapadri waliokuwa wanahama, akaanza kuuza barafu.

Siku moja alipeleka barafu kiwanja cha ndege, kile cha vumbi ambacho ng'ombe walikuwa wanakipenda kuliko ndege. Akamkuta rubani analalamika. Kazi yake ilikuwa kupeleka chakula kwenye kambi ya watalii huko upande wa Serengeti, na kuku aliokuwa anawabeba kutoka Arusha walikuwa wanafika wamelainika, wananuka. Milembe akamwambia, "Kuku? Hapa unasumbukia kuku? Umetua katikati yao!"

Rubani akacheka, lakini maneno aliyatia akilini. Akataka kuku thelathini, wamesafishwa, wamegandishwa, ndani pasibaki kitu. Jumamosi saa tisa. "Nikiwakuta wagumu na wametimia, nitatua hapa kila Jumamosi," alisema. "Wakipungua hata mmoja, mama, mimi na wewe tumeagana."

Wiki ile hatukulala vizuri. Tulizunguka mtaa kwa mtaa, tukafika mpaka vijijini, tukanunua kila chenye mbawa. Alhamisi tukachinja, tukanyonyoa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Hapo ndipo kaka yangu alipoamka. Rubani alisema mzigo lazima ufungwe usipate joto, sisi hatujui kwa kitu gani. Constantine akaingia stoo, akatoka na marobota mawili ya pamba fifi, ile ya daraja la chini, ambayo hakuna mnunuzi aliyeitaka. Akatengeneza sanduku la mbao, akalishindilia pamba pande zote na chini. "Kinachozuia baridi isiingie," akasema, "si kitazuia joto pia?" Nilifurahi kumsikia anasema sentensi ndefu.

Jumamosi saa nne asubuhi, mgeni njoo mwenyeji apone! Lori la pamba likasimama nje, akateremka baba yetu, Mzee Ngeleja, na fimbo yake na kofia yake.

"Mwangaluka, baba," tukapiga magoti wote wawili, mimi na wifi.

"Mwangaluka," akajibu, bila kumtazama Milembe. Tangu aolewe, baba alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Akimtaja, ni "mke wa Constantine," basi.

Alipokaa kivulini akaniita pembeni. "Mektilda, Nkololo wanasema mwanangu analishwa na mkewe, na mkewe anauza kuku mawinguni. Nimekuja kuwachukua. Shamba lipo, ng'ombe wapo. Nikishakula nitasema neno langu."

Usiyemjua Ngeleja, nikwambie: neno lake likishatoka mdomoni halirudi. Hata padri alishawahi kujaribu akashindwa. Nikakimbilia jikoni nikamwambia wifi yote. Akashika mdomo.

"Nimpe nini ale?" akanong'ona.

Hapo ndipo penye kasheshe. Baba mkwe hapewi mchicha. Kwetu mgeni wa heshima humsikia kuku wake akikimbizwa uani kabla hajamwona kwenye sahani. Na uani kwetu siku hiyo palikuwa kimya kama kanisani Jumatatu. Kuku wa majirani nao tulikuwa tumewamaliza wenyewe, hata jogoo wa kuamshia watu hakuna.

Constantine akaingia, jasho linamtoka. "Toa mmoja kwenye friji. Mmoja tu! Rubani atahesabu kweli?"

"Atahesabu," Milembe akasema. "Na mimi nilishahesabu mbele yake kwa mdomo wangu."

"Basi utamlisha baba nini, pamba?"

"Na hata nikimtoa, ni jiwe. Baba yako nimpe kuku aliyekufa juzi, asiyemsikia hata akilia? Huo si ndio utakuwa mwisho wetu?"

Nilimwonea huruma, kwa mara ya kwanza nadhani. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini mikono yake haikutulia. Ilikuwa inafunua masufuria, inafunika. Akafunua friji, akachungulia chini kabisa, akasimama hivyo mpaka nikadhani amepigwa na baridi. Kisha akatoa sufuria dogo lililoganda.

"Wifi," akasema, "koleza moto."

Nikaona alichoshika nikapiga kelele. "Milembe! Una wazimu?"

Zilikuwa firigisi. Firigisi za kuku wote thelathini, zimeoshwa, zimepangwa. Rubani alisema ndani pasibaki kitu, na sisi tulizitoa tukaziweka hapo. Sitaki uongo, mimi mwenyewe nilikuwa nimezikodolea macho, japo mwanamke wa kwetu hali firigisi. Firigisi ni ya mkubwa wa nyumba. Kuku mmoja, firigisi moja, mzee mmoja.

Alizichemsha taratibu, akazikaanga kwa samli na kitunguu. Akazipakua kwenye bakuli kubwa, na ugali pembeni. Akapeleka mwenyewe, akapiga magoti. Mimi nilibaki mlangoni, nimeshika kanga yangu kwa meno.

Baba akafunua bakuli. Akatazama. Akachukua kijiti akachokoachokoa akitafuta mguu, paja, shingo. Hakuna. "Hii ni nini?" akauliza, na sauti haikuwa nzuri.

Milembe akasema. "Baba, nyumba hii wiki hii imechinja kuku thelathini. Nyama nimeahidi watu, na ahadi nimetoa mimi, siwezi kuivunja. Lakini cha mkubwa sikumuuzia mtu. Cha mkubwa ni hicho hapo."

Constantine alikuwa amefumba macho.

Baba akachukua moja, akatafuna. Akachukua ya pili. Nikamsikia anaguna, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! Baba yangu, Ngeleja, anacheka mpaka kofia ikaanguka. "Thelathini!" akasema. "Mtemi gani aliwahi kuchinjiwa kuku thelathini kwa mlo mmoja?" Na akala zote. Hakunibakizia hata moja, na hilo sijamsamehe.

Alipomaliza kunawa, hakusema neno lake. Alisema anataka kuiona hiyo ndege.

Tukaenda wote, sanduku juu ya mkokoteni. Ndege ikazunguka mara mbili tukifukuza ng'ombe, baba mwenyewe akiwapigia mluzi, ikatua. Rubani akafungua sanduku, akaingiza mkono kwenye pamba, akagonga kuku mmoja kwa kidole. Ko, ko. Akahesabu mpaka thelathini. "Mama," akasema, "Jumamosi ijayo arobaini."

Baba akamgusa rubani begani. "Hao watu wanaokwenda kula hawa. Wanawala bila firigisi?"

"Bila, mzee. Hawazitaki."

"Na wazee wao wanakula nini?"

Baba akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyepashwa habari ya msiba wa mbali. Ndege ikapaa, tukafunikwa na vumbi. Constantine akajikaza, akauliza, "Baba, na lile neno ulilokuja nalo?"

Baba alimgeukia Milembe, aliyekuwa bado anaitazama ndege.

"Milembe," akasema.

Wifi akageuka ghafla, akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Ilikuwa mara ya kwanza baba kumwita kwa jina.

"Kuku wangu wa Nkololo hawana idadi. Ijumaa nitawaleta mwenyewe. Nyama yako irushe unakotaka." Akainua fimbo. "Ila cha mkubwa, mayu, mama yangu, kisipande ndege."