Hedifoni mpya, kamati ya chuo na maombi ya jumuiya sebuleni kwangu Olasiti

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma nyuzi za watu muda mrefu, leo naomba nafasi na mimi. Ninachoandika kimenitokea, na kamati nzima ilishuhudia. Baadhi yao wapo humu humu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni mwajiriwa wa chuo kimoja hapa Arusha, ofisi ya ratiba. Kama kipindi chako kiliwahi kuwekwa Ijumaa jioni, wa kulaumiwa ni mimi au mwenzangu.

Jengo letu la utawala lilipoanza kuezekwa upya, tukaambiwa tufanyie kazi nyumbani. Mafundi walipomaliza, chuo kikasema anayetaka kuendelea kubaki nyumbani aombe. Kamati itamhoji kwa video na kukagua mazingira yake: mtandao, umeme, utulivu.

Niliomba. Sababu ilikuwa Mama.

Mama anaishi huko juu, mlimani Meru, na migomba yake na ng'ombe. Alifanyiwa upasuaji wa macho, akateremka kwangu Olasiti kuuguzwa. Mimi ni kitindamimba, sijaoa, dada zangu wameolewa mbali. Matone ya dawa yanatakiwa mara kadhaa mchana kutwa, na mwenyewe akijaribu kujitilia yanaishia shavuni. Daktari alituonya kwamba dozi ikirukwarukwa jicho linaweza kuharibika.

Nikirudishwa ofisini, hakuna wa kumtilia. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa.

Sasa vifaa, maana najua mtauliza.

Laptop ya chuo. Router iko dirishani upande wa mlimani, ndipo mtandao unapokamata vizuri. UPS ndogo ya kuishikilia hiyo router, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu ukiondoka hauagi. VPN ya kuingilia mifumo ya chuo. Meza ni ile ya kupigia pasi, inapanda na kushuka, inatosha kabisa. Nyuma yangu kuna pazia la jikoni lenye historia ndefu, nikalificha kwa picha ya bandia ya rafu ya vitabu.

Mwisho, hedifoni. Zile kubwa zenye maiki, zinazofunika sikio lote na kuua kelele. Nikizivaa nasikia kikao tu, na kikao kinanisikia mimi tu. Niliona nimemaliza kila kitu.

Sikujiuliza Mama anasikia nini.

Mama alikuwa anashinda jikoni na miwani yake myeusi, bado anaona ukungu mtupu. Nilikuja kusimuliwa na jirani yetu, Mama Neema. Mama alikuwa anamsikia mwanawe yuko peke yake sebuleni, anasema, "Mnanisikia?" Kimya. "Na sasa mnanisikia?" Kimya. Anacheka. "Leo mko wengi." Halafu kwa upole kabisa, "Naona umeganda. Toka, halafu uingie tena."

Kila siku ya kazi, wakuu.

Hakuniuliza. Kwetu mtu mwenye tatizo la namna hiyo haulizwi, anaweza kushtuka likazidi. Alichofanya ni kuniongezea loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, kwenye bakuli na kuuliza kama nalala vizuri. Siku moja akataka kujua yule binti wa Themi tuliachana kwa sababu gani hasa. Nikajua ni mambo ya akina mama.

Asubuhi ya mahojiano nikamwambia, "Mama, niombee. Leo wanaamua hatima yangu."

"Akina nani?"

"Hao ninaoongea nao kila siku."

Akapapasa ukuta mpaka jikoni, akamwita Mama Neema dirishani. Nikavaa hedifoni, nikaingia kikaoni.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa profesa mmoja, mama mtulivu. Wengine walikuwa afisa utumishi, wakuu wa idara, na mkuu wa TEHAMA. Huyu wa mwisho ndiye niliyemwogopa. Msimamo wake ulijulikana chuo kizima: kazi ya nyumbani ni likizo yenye mshahara. Alianza kwa kutufundisha nidhamu ya maiki, nani azime, nani awashe, na lini.

Mambo yakaenda vizuri. Mtandao safi, umeme upo. Afisa utumishi akauliza kuhusu utulivu.

Nikajibu kwa kujiamini kwamba hapa nyumbani ni mimi na Mama tu, hakuna anayeingia wala kutoka.

Nikaona nyuso zinabadilika. Profesa akasogea karibu na kioo chake.

Nikatazama kale kapicha kangu pembeni. Kwenye rafu ya vitabu ilikuwa inatokea mikono. Haina miili, haina vichwa, mikono mitupu inachomoza katikati ya vitabu na kuteremka taratibu kuelekea kichwani kwangu.

Halafu nikaisikia imetua kichwani.

Niliruka, waya wa hedifoni ukachomoka, laptop ikaanza kutumia spika na maiki yake yenyewe. Sauti ya Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, ikajaa kikaoni: "Mwachieni kijana huyu! Ninyi nyote mnaoongea naye, tokeni!"

Afisa utumishi akatoka. Mpaka leo anasema ulikuwa mtandao.

Jumuiya yetu ya kanisani karibu nzima ilikuwa nyuma yangu, Mama Neema akiwa ameikusanya. Mama alikuwa mbele yao, kashika mgongo wa kiti changu.

"Elisante," sauti ya profesa ikatoka kwenye laptop, "hao ni akina nani?"

Mzee Zakaria akarudi nyuma mpaka kwenye pazia.

"Nani huyo anaongea?" Mama akauliza.

"Ni mwenyekiti wangu, Mama. Ni watu wa kazini. Ndio ninaoongea nao."

"Kumbe ni watu?"

"Ni watu, Mama."

Akauachia mgongo wa kiti changu. "Siku zote hizi wanaingia humu ndani, na hakuna hata mmoja aliyeniamkia?"

Profesa akavua miwani yake. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Wewe ni wa kwa nani?"

Wakaanza mmoja mmoja, maprofesa na madaktari wa falsafa, kila mtu shikamoo yake na kwao wapi. Afisa utumishi akarudi, akakuta foleni, akaunga bila kuuliza.

"Wameisha?" Mama akaniuliza.

"Bado mmoja. Anaongea, ila amezima maiki."

Alikuwa mkuu wa TEHAMA, midomo inacheza, sauti hakuna.

"Mwambie awashe, namsubiri."

Akahangaika kuitafuta. "Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Pole na mitambo."

Hapo hapo simu yangu ikalia. Muda wa dawa. Nikasita, profesa akasema niendelee. Nikamkalisha Mama, nikamvua miwani, nikamwinua kidevu na kumtilia, jicho moja kisha lingine.

Mkuu wa TEHAMA akauliza, sasa kwa sauti ya chini, kama mimi nikiwa ofisini ni nani angefanya hivyo.

Nikamwambia hakuna.

Akasema kwa upande wa kitengo chake mtandao haukutetereka hata wakati wa maombi, hivyo yeye hana pingamizi. Wengine wakaafiki. Nilikubaliwa, kwa sharti kwamba ibada zisiingiliane na vikao.

Mama naye akaweka sharti lake: kabla sijavaa hedifoni, kikao kimwamkie kwanza. Hadi leo kinamwamkia.

Macho yamepona, wakuu, ila Mama bado yuko kwangu. Siku alipoanza kuona vizuri alisimama nyuma yangu, akaitazama ile picha kwenye kioo, kisha akageuka kutazama pazia. Akataka kujua vitabu vyote vile nimevificha wapi.

Nilichojifunza: kabla ya kufunga router na kununua hedifoni, kaa na wa nyumbani kwako uwaeleze unaongea na nani. Sikio lako ukiliziba, la kwao liko wazi.

Wenzangu mnaofanyia kazi nyumbani, kwenu walidhani mna tatizo gani? Semeni bila aibu.

Mnanisikia?