Mapigo Saba Mafupi

Nilisikia mlango wa chuma ukigongwa: mapigo saba mafupi, kisha moja refu. Nilikuwa nyuma nikianika nguo, lakini nilijua ni kaka yangu. Huo ndio mlio wa dharura katika meli ya watalii anakofanya kazi ya udobi, na kila akija likizo hapa Makongeni hutugongea hivyo. Mama hucheka, naye hucheka. Safari hii mama alicheka peke yake.

Siku ya tatu, tukichambua sukuma wiki, kaka aliniambia. Meli ilikuwa bandarini, maji yametulia kama ya kwenye karai. Yalikuwa mazoezi ya kawaida: wafanyakazi wanaingia kwenye mashua ya kuokolea, inateremshwa kwa kamba za chuma, inapandishwa tena. Kamba ya nyuma ikakatika. Yeye alikuwa amefunga mkanda. Dobi mwenzake, waliyelala naye chumba kimoja, alikuwa bado anatafuta wake; huyo hakupona.

"Mlianguka kutoka juu kiasi gani?"

"Kama juu ya zile fleti ndefu za Huruma."

Aliendelea kunyofoa majani kwenye vijiti. Nami nikaendelea.

"Ilitakiwa ishushwe tupu kwanza, kamba zijaribiwe, ndiyo tuingie," akasema. "Niliwaambia. Ofisa akanijibu, wewe dobi, rudi kwa mashuka yako."

"Na ukirudi?"

"Nimepangwa mashua nyingine. Kamba ni za umri uleule."

"Mwambie mathe, ni mama yetu."

Sukuma ilikuwa imeisha, tukabaki tumeshika vijiti.

Jumapili akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, kama wanavyofanya kila akikaribia kuondoka. Walikemea dhoruba. Walikemea mawimbi. "Na nyangumi pia, Bwana!" mmoja akapaza sauti, mwenzake akamfinya asichekeshe watu. Baadaye, chai ikimiminwa, mama akamuuliza kaka, "Lakini huko mnafundishwa kujiokoa, baba?"

"Tunafundishwa, mama. Kuna mazoezi."

"Basi siku za mazoezi nitalala vizuri."

Nilisubiri nisikie kitu ndani yangu. Nilisikia vijiko tu.

Jumatatu asubuhi alifunga begi. Nilimshikia zipu iliyokwama, akaninong'oneza, "Isiposhushwa tupu kwanza, siingii. Wakitaka wanifute kazi."

"Utaweza?"

"Nimekwambia ili niweze."

Mama alikuwa mlangoni, kitambaa cha meza begani. Kaka akamwinamia ashikwe kichwa, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Mama, mawimbi achana nayo. Niombee siku ya mazoezi."

"Si ni mazoezi tu?"

"Siku hiyo ndiyo. Dada atakueleza."

Mama akanigeukia. Bado alikuwa na lile tabasamu la kuaga wageni. Nilivuta kiti, nikamwambia aketi, na nyuma yake kaka akatoka, akaurudisha mlango polepole hadi komeo likaingia.